Siku mbili kando ya ziwa, ndani ya hema la vikwembe

Tangu turudi kutoka ufukweni, wamama wa makundi mengine wanatusimamisha njiani, sokoni, hata mlangoni mwa kanisa. Maswali ni yale yale: mlilala wapi, mlilipa ngapi, na mabwana walisema nini? Juma hili tunawajibu wote kwa mara moja, ili asiwepo wa kusema kwamba tulificha.

Tulikuwa wamama 16 na watoto 23. Tuliondoka Kalemie siku ya Ijumaa asubuhi, tukarudi Jumapili jioni. Tulilala kwenye mchanga kaskazini ya mji, upande wa njia ya Mtoa, karibu na kijiji kidogo cha wavuvi. Jina la kijiji hatuliandiki hapa. Shefu alitupokea vizuri sana, lakini alituomba tusimletee mji mzima kwa siku moja, na ombi lake ni la haki. Mama anayetaka kwenda aje atuulize, tutamwelekeza na tutamwambia pia namna ya kupiga hodi.

Wazo lenyewe lilitoka mbali. Mdogo wa mwenzetu mmoja anaishi Ubelgiji, na mwaka jana alituma picha za likizo yake kwenye bahari ya Mediterania, pwani ya Albania. Ndani ya picha kuna hema kubwa jeupe. Ndani ya hema kuna kitanda, shuka safi, zulia na taa ndogo. Mbele ya mlango ni bahari. Alieleza kwamba walichagua Albania kwa sababu pwani ya Italia na ya Ugiriki ni ghali na imejaa watu, kumbe Albania, nchi iliyojifungia mpaka mwanzo wa miaka ya 1990, bado ina sehemu ambazo mtu wa mshahara mdogo anaweza kukaa. Malazi ya namna hiyo Wazungu wanayaita glampingi, maana yake kulala hemani lakini kwa raha za hoteli.

Tulicheka sana siku ile. Watu wenye nyumba za matofali wanalipa ili walale hemani!

Lakini mama mmoja, mwalimu, alituambia kwamba jambo hilo si upuuzi wa matajiri peke yao. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 1936 ya kuwapa wafanyakazi majuma mawili ya likizo yenye malipo. Familia za wafanyakazi wa viwandani, wengi wakiwa hawajawahi kuona bahari, walipanda treni na baiskeli kwenda pwani. Hoteli hawakuziweza, basi wengi walibeba mahema. Kwa hiyo hema lilikuwa njia ya mtu wa kawaida kufika majini, kabla halijawekewa zulia.

Na tena, mahema ya namna ile hayako Ulaya tu. Yako ng'ambo ya ziwa letu. Mvua inapomaliza kuosha hewa, ukisimama ufukweni hapa Kalemie unaona milima upande wa pili, kwenye Tanzania. Ile ni milima ya Mahale. Chini yake kuna hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985, na watalii wanakuja kutoka dunia nzima kuwatazama sokwe, wakilala ufukweni kwenye malazi ya namna hiyo, ambayo usiku mmoja unalipwa mamia ya dola. Maji wanayoogelea ni haya haya yetu. Mchanga ni ndugu wa mchanga wetu. Sisi tunaoga bure kila siku na hatujawahi kuita jambo hilo likizo. Bibi zetu walijua ziwa kama mahali pa kufua, kuchota na kuanika ndagala. Mama akionekana amekaa tu mbele ya maji, watu walimuuliza kama ana mgonjwa.

Hapo ndipo tukasema: na sisi tuende.

Ndipo kikao kikawa kigumu. Ndani ya mji huu neno hema lina uzito. Mwenzetu mmoja aliikimbia vita ya bara, yale mapigano ya 2016 na 2017 kati ya Batwa na Waluba yaliyowatoa watu mamia ya maelfu katika vijiji vyao. Alifika pembeni ya mji na watoto wanne, akalala miaka miwili chini ya bashe. Alisikiliza mpango wetu mpaka mwisho, kimya, kisha akauliza: “Niache nyumba niliyojenga kwa jasho langu, nirudi chini ya bashe, tena nilipe?”

Hakuna aliyemjibu. Mwingine, aliyekulia Nyarugusu upande wa Kasulu, kambi iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongomani waliokimbia, alisema kwamba yeye akisikia hema anasikia na foleni ya maji. Siku ile tulifunga kikao bila kuamua kitu. Tulirudi kwenye jambo hilo Jumapili iliyofuata, na ni mama mkubwa wetu aliyelifungua. Alisema: kule kambini hema unapewa, mahali pa kulisimamisha panachaguliwa na mwingine, na siku ya kutoka hujui. Hili letu tutalishona wenyewe, mahali tutachagua wenyewe, na Jumapili mchana tutalikunja. Kisha akaweka sharti moja: bashe hata moja lisiingie kwenye safari hii, hata la kukalia.

Sharti hilo ndilo lililotupa mahema mazuri. Kila mama alitoa vikwembe vinne vya zamani, vile vilivyopauka lakini havijachanika. Vikafika 64. Washonaji wetu watatu waliviunganisha kwa mashine, mshono mara mbili, na wakatengeneza mahema matano. Rangi hazikulingana hata kidogo: kuku karibu na maua, sura ya rais wa zamani karibu na samaki. Kutoka mbali mtu angedhani ni arusi. Ndani tulitandika mikeka, juu yake mashuka, na tukafunga vyandarua. Mama mmoja alikuja na foronya zake alizodarizi mwenyewe, zile ambazo huwa anazitoa wageni wakifika tu. Tukamwambia safari hii mgeni ni yeye.

Nguo hii inafaa wakati wa kiangazi tu. Mwezi wa saba na wa nane hakuna mvua kwetu, ni umande kidogo wa alfajiri, na kikwembe kinauvumilia. Mtu asithubutu kufanya hivyo mwezi wa kumi na moja. Adui wa kiangazi ni upepo wa kusini, unaoweza kusukuma ziwa siku nzima na kuleta mawimbi kama ya bahari. Vigingi vya mti haviwezi kushika kwenye mchanga. Vinang'oka kama jino bovu. Wavuvi walitufundisha dawa yake: jaza mchanga kwenye gunia tupu la unga, lifunge kamba, lizike kwa kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko, ndipo uvute kamba ya hema. Mahema manne yalisimama hivyo mpaka mwisho. La tano upepo ulilipasua upande mmoja Jumamosi mchana, watoto wakaona ni tamasha.

Tazameni pia maji yanafika wapi. Ziwa lilipanda sana mwaka 2021, likapanda tena 2024, na wote tunawajua watu wa mitaa ya chini waliopoteza nyumba. Kwenye ufukwe ule kuna minazi na miembe iliyokufa imesimama majini. Tulipima hatua 40 kutoka kwenye mstari wa takataka ambao mawimbi yameacha, na hapo ndipo tulipochimba mashimo yetu.

Sasa siku zenyewe. Tulipanga milo minne mikubwa, wapishi wanne kila mlo. Wamama ni 16, basi kila mmoja alipika mara moja tu tangu kutoka mpaka kurudi. Chai na mikate ya asubuhi ilikuwa kazi ya vijana, wavulana na wasichana pamoja. Hesabu hii ni ndogo lakini msipuuze nguvu yake. Kuna mwenzetu aliyekaa Jumamosi nzima akitazama mikono yake, hajui aiweke wapi. Saa nne alisimama kwenda kuosha sufuria, tukamrudisha. Saa sita alisimama tena. Saa tisa alikuwa amelala kivulini mdomo wazi, na hakuna aliyethubutu kupita karibu naye na kelele.

Tulikula bukari na sombe, maharagwe, na mikebuka iliyotoka majini asubuhi ile ile. Kwa ndagala lazima mjue kalenda ya wavuvi. Ndagala wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa, kwa sababu wanaifuata nuru. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, na wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Sisi tulichagua siku za giza. Ilipofika saa mbili usiku mitumbwi ilitoka, taa zikaanza kuwaka moja moja mpaka ziwa lote likawa kama mji mwingine. Watoto walihesabu taa wakafika 90, wakagombana, wakaanza upya. Wengi wao wamezaliwa Kalemie na hawajawahi kuziona hivyo, maana nyumbani saa mbili tunafunga milango. Anayependa zaidi watoto wacheze nje kwa mwanga wa mwezi achague mbalamwezi, lakini asitegemee ndagala wabichi. Na kama ni kipindi ambacho uvuvi umefungwa ili samaki wazaane, bebeni maharagwe ya kutosha na msimshawishi mvuvi avunje sheria kwa ajili ya sahani yenu.

Karibu na moto mwalimu wetu aliwasimulia watoto habari ya mashua mbili za Waingereza, Mimi na Toutou. Wakati wa vita kuu ya kwanza Wajerumani walitawala ziwa lote kwa meli zao. Waingereza wakaleta mashua hizo kwa meli mpaka Afrika Kusini, kisha kwa treni mpaka Katanga, kisha zikakokotwa msituni na kupandishwa milima ya Mitumba kwa mashine na ng'ombe, kisha mto Lualaba, kisha reli yetu ya Kabalo iliyokuwa mpya kabisa mwaka ule wa 1915. Zikaingia majini hapa hapa, karibu na mlango wa Lukuga, na tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka meli ya Kijerumani Kingani. Mtoto mmoja akauliza swali ambalo vitabu haviulizi: “Na nani alivuta kamba?” Mwalimu akamjibu ukweli, ni watu weusi, mamia ya wapagazi na wafanyakazi, na majina yao mengi hayakuandikwa. Usingizi wa watoto ulichelewa kidogo usiku ule.

Kuhusu kuoga. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 mahali pa ndani zaidi. Duniani ni Baikal ya Urusi tu inayolipita. Mbali na hapo wengi wetu, tuliozaliwa mita 300 kutoka majini, hatujui kuogelea. Tulifunga kamba kati ya miti miwili iliyosimama majini, na hakuna aliyepita kamba, mkubwa wala mdogo. Mtu mzima mmoja kwa watoto wanne, na mtu huyo hashiki simu. Pembe zenye matete na maji yaliyotulia tuliziacha kabisa, kwa sababu konokono wa kichocho wanakaa huko, na mamba pia wanapenda hapo na kwenye milango ya mito. Mashua ya kutembea tulikataa ingawa kijana mmoja alitusihi kwa bei nzuri. Upepo ulikuwa mkali na jaketi za kuokolea zilikuwa tatu. Kila mwaka ziwa hili linachukua watu kwa sababu ya hesabu ya namna hiyo.

Kipindupindu hatuhitaji kuwaeleza, ni jirani wa Kalemie wa miaka mingi. Tulibeba maji ya kunywa kutoka mjini, yaliyotiwa dawa, bidoni 12. Yalipokwisha tulichemsha ya ziwa. Choo tulichimba mbali, zaidi ya mita 30 kutoka ukingoni, tukazungushia mikeka, na bidoni la maji na sabuni likawekwa mlangoni pake. Siku ya kuondoka tulifukia. Shefu alikuja mwenyewe kukagua kama tumefukia, na uso wake ulifunguka pale kuliko siku tuliyompa zawadi.

Mabwana, basi. Wengine walicheka, wengine walinuna. Mmoja aliuliza nani atampikia, mke wake akamkumbusha kwamba ana mtoto wa kiume wa miaka 17 anayejua kuwasha mbabula. Mwingine alikubali upesi mno, jambo lililomtia mke wake mashaka safari nzima. Wa tatu alifika Jumamosi jioni kwa pikipiki, akisema amekuja kuangalia usalama. Aliangalia usalama, alikula mikebuka wawili, akasifu vikwembe, akarudi mjini kabla ya giza. Usalama kweli tuliufikiria: tuliandika barua kwa viongozi kabla ya kwenda, tulisafiri mchana kwenda na kurudi, na kijiji kilitupa walinzi wawili wanaojulikana.

Na pesa. Kila mama aliweka franka 2,000 kila juma kwa majuma 12, kwenye sanduku lile lile la likelemba lakini kwenye mfuko wake. Jumla franka 384,000. Gari la mizigo kwenda na kurudi lilichukua 190,000, yaani karibu nusu, na hapo ndipo tunaona pa kupunguza: makundi mawili yakipokezana gari moja, moja likishuka wakati lingine linarudi, gharama inagawanyika. Mafuta, sukari, maharagwe, mikate na makala 110,000. Samaki tulionunua pale 40,000. Zawadi ya shefu na malipo ya walinzi 30,000. Uzi na kamba 14,000. Unga kila mmoja alileta wake, na mianzi tuliazima. Kuna mama atakayesema pesa hizo zingelipa ada ya shule ya mtoto. Ni kweli, na miongoni mwetu wawili walijiondoa kwa sababu hiyo hiyo, hatuwalaumu hata kidogo. Lakini sanduku la ada hatukuligusa, na sisi tunaoweka pesa kwa ajili ya misiba kila juma mwaka mzima hatuoni aibu kuweka kidogo kwa ajili ya wazima.

Yule mwenzetu wa bashe alikuja. Tuliposimamisha mahema yeye alishughulika na moto. Usiku wa kwanza hakuingia. Alijifunika shali na kukaa nje na walinzi, na watoto wake walilala na sisi. Usiku wa pili baridi ya upepo ilimchosha, akaingia katikati ya usiku kwenye hema la tano, lile lililopasuka, tulilolifunga kwa pini na leso. Alilala mpaka jua lilipotoka upande wa Mahale na kupita kwenye nguo, kila rangi ikaanguka mahali pake juu ya mikeka na juu ya nyuso. Hatukumuuliza kitu, na yeye hakusema kitu, isipokuwa kwamba mshono ule ulishonwa vibaya.

Safari nyingine tunaipanga mwezi wa nane, kabla watoto hawajarudi shuleni. Nafasi ni 16, na sharti la bashe linabaki. Mahema manne yako kwenye sanduku la chama. Kundi lolote la wamama linaweza kuyaazima bila malipo, mradi yarudi yamefuliwa, kwa sababu yanashika harufu ya ndagala. La tano halipo kwenye sanduku. Liko kwake anarudia mshono, na juzi tulipopita tulikuta amelikatia dirisha.